YAH: Bodi ya V2.2 iliyobandikwa stika ya V3.0

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Vifaa vya Elektroniki vya Magari,
Dar es Salaam.

Assalaam alaykum Ndugu Meneja,

Mimi ni fundi wa magari, gereji yangu iko Machomanne, Chake Chake. Mwezi wa Januari nilinunua kwenu seti ya kujiungia mwenyewe kontroli boksi ya Megasquirt, yaani kompyuta ya kuendeshea injini, kwa shilingi 840,000 pamoja na nauli ya mzigo. Nimeshapiga simu mara nne, na kila anayepokea ana sababu yake ya kulikataa dai langu. Ndiyo maana sasa naandika, tena kwa kirefu, ili jambo hili likae mezani kwenu kwa maandishi.

Gari yenyewe ni Hilux ya ami yangu, injini 22R, silinda 4, ya kabureta. Kabureta ilishalika mpaka ikawa inavuta hewa ubavuni, na mwaka huu nikaamua kutoirekebisha tena. Nilipata mainifoldi ya mtumba ya 22R-E, ile 22R ya nozeli, na nozeli nne ambazo nikizipima kwa mita zinasoma omu 14 kila moja, yaani hazihitaji resista ya kuzipunguzia umeme. Kilichobaki kilikuwa kompyuta ya kuziendesha.

Kabla sijatuma hata shilingi moja, nilimwandikia kijana wenu wa mauzo WhatsApp. Ujumbe huo ninao. Nilimweleza kwamba distribyuta ya 22R haina platini, kile kiswichi cha kukatia umeme wa koili ya moto. Ndani yake mna koili ndogo yenye nyaya mbili na sumaku, na rota ya meno 4. Kila jino likipita, koili inatoa umeme wa kupanda na kushuka. Ukipiga starta, umeme huo ni mdogo sana; injini ikishachanganya, unapanda maradufu. Kompyuta haiwezi kuusoma hivyo hivyo, lazima pawe na saketi ya kuugeuza kwanza. Bodi ya Megasquirt ya toleo la V3.0 inayo saketi hiyo. Ya toleo la V2.2 haina, hiyo inategemea ishara ya platini au ya upande hasi wa koili ya moto kupitia 4N25, kijidude kinachopitisha ishara kwa mwanga. Nikamwambia pia, na hili ndilo kubwa, kwamba sitaki kompyuta igawe mafuta tu, nataka ipange na moto wa plagi.

Jibu lake lilikuwa hili: "V3.0 ndiyo yako kaka, tunakufungia leo." Akaniongezea ushauri: wakati nasubiri mzigo, nizifunge zile vyuma za advansi ndani ya distribyuta, zinazowahisha moto wa plagi injini ikienda mbio, zisicheze, na bomba la vakyumu niliondoe, kwa sababu kazi hiyo itafanywa na kompyuta. Ushauri wenyewe ni sahihi kabisa kwa mtu aliyeuziwa bodi sahihi. Nikazichomelea.

Mzigo ulipofika bandarini Mkoani niliufuata mwenyewe. Mifuko ya resista na kapasita ilikuwa mizuri, sensa ya presha MPX4250 ilikuwemo, plagi ya pini 37 ilikuwemo. Bodi ilikuwa na stika nyeupe pembeni, imeandikwa V3.0 kwa kalamu ya wino mzito. Kitabu cha maelekezo mlichonichapishia nacho ni cha V3.0.

Nilianza kama kitabu kinavyotaka, na upande wa umeme: dayodi, kapasita, regyuleta. Namba chache za kwenye kitabu hazikupatana na za kwenye bodi. Nikadhani ni mabadiliko ya kiwandani, nikafuata njia za shaba kwa macho. Hapo nakiri nilitakiwa nisimame. Lakini nilipoiunga kwenye betri kwa fyuzi ndogo, mita ikanionyesha volti 5.0 zilizotulia, na fundi akishaona volti tano zake hana tena wasiwasi. Nikalehemu soketi ya prosesa, miguu yote 40, usiku mmoja, feni nimeizima ili upepo usinipoozee lehemu.

Siku ya pili nikafika kwenye saketi ya kusomea distribyuta. Kitabu kinasema weka R52 na R56, zile resista za kukaza kwa bisibisi. Nikaitafuta R52 bodi nzima. Nikaigeuza, nikaishika juani, nikamwita na kijana wangu mwenye macho mazuri. Haipo. Yeye ndiye aliyeikwangua ile stika kwa ukucha. Chini yake, kwa maandishi ya kiwandani, imeandikwa V2.2.

Ndugu Meneja, stika haijibandiki yenyewe.

Mliponijibu simu ya kwanza mlisema bodi zote mbili ni "kompyuta ile ile". Prosesa inaweza kuwa ile ile, lakini mlango wa kuingizia ishara si ule ule, na pasipo ishara prosesa haijui hata kama injini inazunguka. Simu ya pili mkasema nichukue ishara kwenye koili ya moto. Ni kweli, kwa mafuta peke yake njia hiyo inafanya kazi, na gari zinatembea hivyo. Lakini mimi advansi nimeshaifunga, kwa maneno yenu. Nikichukua ishara kwenye koili, moto wa plagi utabaki pale pale, injini ikiwa inalala au inapanda kilima. Simu ya tatu na ya nne mkasema bodi ikishaguswa na lehemu hairudishwi. Na mimi ningejuaje kabla ya kuigusa, ilhali jina lake mmelifunika?

Waliobuni Megasquirt, Bruce Bowling na Al Grippo, hawana kosa hapa. V2.2 ni bodi yao halali, inamfaa mwenye injini ya platini. Yangu si hiyo.

Hivi sasa Hilux iko juu ya mawe. Kabureta siwezi kuirudisha, kwa sababu distribyuta haina advansi tena. Ami yangu huteremsha karafuu kutoka Mtambwe, na kwa wiki sita amekuwa akikodi gari ya mtu. Kila Ijumaa baada ya sala ananiuliza, "Fundi, kompyuta yako imeshajifunza kuendesha?" Watu wanacheka, na mimi nacheka nao.

Ninachokitaka ni bodi tupu ya V3.0 isiyo na stika, pamoja na vifaa vya saketi ya distribyuta ambavyo kwenye mifuko yenu havimo, kwa nauli yenu. Kama hamnayo, nirudishieni shilingi 840,000 zote pamoja na bei ya distribyuta ya mtumba ya 22R, kwani ile niliyoichomelea haifunguki. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitaipeleka Tume ya Ushindani (FCC) pamoja na picha za bodi, kabla na baada ya kukwangua, na mazungumzo yote ya WhatsApp.

Bodi nimeirudisha kwenye boksi lake, na stika nimeiweka humo humo, nusu imechanika. Nipeni jina la mtu wa kuipokea, nitaipeleka Mkoani siku ya boti.

Wenu mteja,
Fundi wa Machomanne,
Chake Chake, Pemba.