Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tanga: Saa za Kazi na Saa za Kusubiri

Wazee wetu, ndugu wanachama wa chama chetu cha watu wa ujenzi, assalaam aleykum, na Bwana asifiwe.

Mwaka 2024 umetukalisha vikaoni kuliko nilivyopenda, na vikao vingi vilihusu jambo moja: saa. Nani aliingia saiti saa ngapi, alitoka saa ngapi, na katikati alikuwa anafanya nini. Hesabu za ada na za mfuko wa kuzikana atazisoma mhazini baada yangu, mimi sizigusi.

Nianze na lile la Agosti. Kundi la wenzetu, mafundi na saidia fundi, liliitwa kumwaga zege la jamvi upande wa Pongwe. Saa moja asubuhi walikuwa saiti, mbao zimeshafungwa, nondo zimeshakaguliwa. Gari la zege likaingia saa nane mchana. Kazi waliimaliza usiku kwa mwanga wa taa za pikipiki. Siku ya malipo, mkandarasi aliyewaita akahesabu kuanzia saa nane. Zile saa saba za chini ya mwembe, kwake hazikuwa kazi, kwa kuwa hakuna aliyeinua koleo. Tulipokwenda kudai, ushahidi wetu ulikuwa daftari la foromeni lenye vijiti, kijiti kimoja kwa mtu kwa siku. Kijiti hakisemi saa. Tukarudi mikono mitupu, na mimi ndiye niliyewapeleka wenzangu huko, kwa hiyo aibu naibeba.

Ndipo kamati ikaamua tujaribu programu ya simu ya kuandika mahudhurio, ile ambayo mtumiaji anaipangia vipengele mwenyewe. Huko kupanga wenyewe ndiko kulikotutoa jasho. Ilivyotoka dukani ilikuwa ya watu wa ofisini: kuingia, kutoka, likizo, basi.

Wiki ya kwanza kijana wetu wa ofisi alinijia anacheka mpaka machozi. Wenzetu walikuwa wanaandika 1 na 11, yaani saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni. Programu ikaelewa kwamba wameanza kazi saa saba usiku wakamaliza saa tano asubuhi! Jumla ya saa ilikuwa sawasawa, kumi, toa moja ya chakula zinabaki tisa. Lakini kwa kuwa sheria inataka saa zinazoangukia kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ziongezwe asilimia 5, kila mmoja akapewa nyongeza ya usiku ya saa tano. Wapo waliotaka tuiache hivyo hivyo. Sasa imepangwa isome saa yetu, na anayeandika anachagua kwanza asubuhi, mchana, jioni au usiku.

La pili ni vidole. Tulianza na alama za vidole ili mtu asimwandikie mwenzake, na mashine ikawakataa waashi wetu wakongwe mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja wa Makorora alinionyesha kiganja chake: saruji na matofali vimekilamba, ncha za vidole laini kama kokoto ya pwani. Watu wenye miaka mingi kazini ndio hao hao mashine haiwatambui. Tumehamia kwenye namba ya siri na picha.

Upinzani mkubwa haukutoka kwenye mashine. Mwanachama mmoja, ambaye baba yake alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, alisimama kwenye kikao cha Oktoba akasema tunawarudishia watu kipande. Ukumbi ulinyamaza, maana Tanga hii nani hana babu aliyebeba kipande? Siku 30 za kazi kwenye kadi, na nyapara akikataa kutia alama, jua lote ulilopigwa limekwenda bure. Nilimjibu kwamba kwetu kila jioni mfanyakazi anapata ujumbe wa saa zake kwenye simu yake mwenyewe, na akiona kosa ana siku mbili za kupinga. Alikubali nusu. Na nusu aliyoikataa, namuunga mkono: programu ile ilikuwa inaonyesha mtu alipo hata akiwa kwake Ngamiani anakunywa kahawa. Tumeizima sehemu hiyo, inafanya kazi ndani ya saiti tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi wa karai na toroli, na picha za wenzetu si mali ya kusambazwa.

Kwa faida ya wanaoajiri, nakumbusha yaliyomo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi 6. Ova taimu ni mara moja na nusu. Pamoja na ova taimu, mtu asipite saa 12 kwa siku. Tumeviingiza vyote kwenye programu, ikifika saa ya kumi ya kazi namba inageuka nyekundu. Wapo wanachama wetu wasioipenda hiyo nyekundu. Mnajijua.

Sasa umeme wa upepo. Naambiwa vijiweni mwenyekiti siku hizi anahubiri upepo kama nahodha wa dau. Sisi watu wa pwani kusi na kaskazi tunavijua kwa matanga na ngalawa, umeme wake uko mbali na hapa. Mufindi mkoani Iringa, mitambo mitatu ya upepo ya Mwenga inatoa megawati 2.4 tangu 2020. Singida wameuzungumza miaka mingi. Lakini duniani uwezo wa mitambo yote ya upepo ulivuka gigawati 1,000 mwaka 2023, na gigawati moja ni megawati elfu, na kazi hiyo kabla haijawa ya umeme ni yetu: barabara, nondo, zege.

Tena ni kazi ya kusubiri kuliko zote. Msingi wa mnara mmoja mkubwa hula mamia ya mita za ujazo za zege, na linamwagwa mfululizo bila kukatisha, hivyo lazima watu wapokezane zamu. Kisha yale mapanga yanayozungushwa na upepo hayapandishwi upepo ukiwa mkali, kreni inakaa chini na watu wake wanakaa nayo. Na pale mahali palichaguliwa kwa sababu ya upepo!

Majirani zetu Kenya wanalo la kutufundisha. Kule Loiyangalani, Marsabit, mradi wa umeme wa upepo wa Lake Turkana una mitambo 365 ya kilowati 850, jumla megawati 310. Mitambo ilikuwa imeshasimikwa yote mwaka 2017, ila laini ya kupeleka umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwashwa mpaka Septemba 2018. Mwenye mitambo hakulala njaa. Mkataba wake ulikuwa umeandika nani analipa laini ikichelewa, na faini ikaangukia upande wa serikali. Kwangu mimi ule ni mwembe wa Pongwe ulioandikiwa mkataba.

Ndiyo maana kwenye programu yetu kuna kipengele cha saa za kusubiri, na sababu yake lazima ichaguliwe: zege, mvua, umeme, vifaa, upepo. Hicho cha mwisho kilichekwa sana, na hadi leo hakuna aliyekigusa. Cha zege kimejaa. Novemba, wenzetu wawili waliosubiri kwenye saiti ya mtaa wa Mabawa walilipwa saa zao nne bila kugombana, kwa kuonyesha simu. Fedha yenyewe ndogo, lakini nilikuwepo, nikaona mlipaji anavyosoma ile sababu mara mbili kisha anafungua pochi.

Naomba mkutano upitishe mambo mawili: mikataba yetu yote ya kazi ndogo iwe na mstari wa malipo ya saa za kusubiri, na chama kinunue betri mbili za kuchajia simu saiti. Mafunzo kwa ambao hawajajiandikisha ni Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, hapa hapa. Saa tatu ya kwetu, si ya programu. Daftari la vijiti bado liko kwangu, anayedai siku zake za nyuma aje tulipekue kabla mchwa hawajalianza.