Usiutupe, haujafa

Shoga angu Rehema,

Meseji yako nimeikuta jana usiku nikacheka peke yangu, eti "nimeliua ua lako nisamehe". Hujaua kitu bana! Okidi za slipa kama hiyo yako, hizi za ua lenye umbo la kiatu, ndo zilivyo. Zile okidi zingine ua linasinyaa mdogo mdogo mpaka unalionea huruma, ila hii inaliachia zima zima, rangi bado ipo, unaamka asubuhi unalikuta mezani kama mtu kavua kiatu kaenda kulala. Kwa hiyo mmea usiutupe, na ua lenyewe pia usilitupe kwanza, tafuta wembe.

Ile sehemu iliyotuna mbele kama ncha ya kiatu (ni petali tu hiyo, imejikunja ikawa mfuko) ipasue kwa urefu halafu washa tochi ya simu uchungulie. Kuta za ndani utaona zinateleza kama zimepakwa nta, ila upande wa nyuma kuna vinyweleo vimepanda kwenda juu kama ngazi. Sasa hapo ndo utapeli wote ulipo. Mdudu anakuja kavutwa na rangi au harufu, anatua ukingoni, anateleza, puu, yuko ndani. Kutokea alikoingilia hawezi, kwa hiyo anaishika hiyo ngazi nayo inampeleka kwenye vitundu viwili huko nyuma, kimoja huku kimoja huku, vyembamba kweli. Anajibana, mgongo unasugua stigma kwanza (ile sehemu ya kike inayopokea chavua), ndo baadae kabisa pale mlangoni anapakwa chavua inanata kama gundi. Ona mpangilio huo, yani ingekuwa chavua inatangulia si angelipaka ua lilelile. Anatoka na mzigo mgongoni, hajalipwa hata tone la nekta, na bado anaenda kutapeliwa kwa jirani, na huko ndo mzigo unashuka.

Hivo vitundu viko viwili kwa sababu stameni, yani sehemu za kiume zinazotoa chavua, ziko mbili, wakati okidi nyingi zinatumia moja tu, ndo mana wataalamu wakazitenga hizi kwenye kundi lao lenye jenasi 5, yani koo tano. Yako ni Paphiopedilum, watu wa Asia hao, kuna Cypripedium zinazovumilia hadi theluji, na Phragmipedium za Amerika ya Kati na Kusini, zingine mbili sio za kuzikuta hovyo. Stameni ya tatu nayo haitoi chavua, imegeuka ngao, ni kile kidude kinachong'aa katikati ya ua kama kifungo cha shati.

Na hicho kifungo shoga usikidharau. Kuna moja inaitwa Paphiopedilum rothschildianum, inaota mlima Kinabalu kule Borneo, ngao yake ina vinyweleo vinavyofanana na vidukari (vile vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa mimea), na kuna nzi ambao watoto wao chakula chao ni vidukari. Mama wa watu anaona amepata pa kulea, anataga mayai pale pale, halafu anatumbukia mfukoni. Watoto wakianguliwa hakuna cha kula. Niliposoma hiyo niliweka simu chini kwanza. Roho mbaya gani hiyo, tena ya ua!

Ila binadamu ndo kazidi. Uingereza waliichuma na kuichimba Cypripedium calceolus mpaka 1917 wakasema imekwisha, kuja kuonekana tena 1930, mche mmoja tu, huko Yorkshire, ukafichwa na ukawekewa walinzi. Ua lina walinzi, mimi sina! Na kuzirudisha sio mchezo maana mbegu zake ni vumbi tupu, hazina akiba yoyote ya chakula, mpaka zipate kuvu wa kuzilisha, na hata ikiota ni miaka hadi uone ua. Kwa hiyo ukija kukutana na mtu anakuuzia mche wa porini mkatalie.

Haya, huo mmea wako. Chipukizi likishachanua halichanui tena, usilisubiri, chungulia pembeni kwenye shina, bila shaka kuna kadogo kanakuja, hako ndo kenye zamu. Majani usiyakate, yanamlisha huyo mdogo. Maji mwagia kwenye yale magome ya miti yaliyomo kwenye chungu, usiache yakauke kabisa kwa sababu hizi hazina zile shina nene za kuhifadhia maji kama wenzake, lakini pale katikati majani yanapokutana usimwage. Yangu ya kwanza nilikuwa naimwagia toka juu kama naiogesha, wiki chache nikavuta jani likatoka lenyewe, chini pameoza pananuka.

Ukishapasua nitumie picha ya ile ngazi, tochi iwe kwa nyuma, ndo vinyweleo vinaonekana vizuri. Na angalia kama kuna kimdudu kilibaki humo, mara mojamoja vinashindwa kutoka.

Ni mimi wako,
Salma