Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida nitazipitia haraka, maana waliohudhuria wanazijua. Warsha 4, mihadhara 6, printa yetu ya 3D, inayochapisha viunzi (vipande vyenye matundu ambamo mfupa huota), imekarabatiwa mara 2, jarida limetoka kwa kuchelewa. Wanachama tuko 84, waliolipa ada 31. Mkutano wa robo ya tatu ulihudhuriwa na watu 9, wawili kati yao wageni, tukauahirisha kwa kukosa akidi.

Sasa niingie kwenye suala la malighafi ya printa hiyo, ambalo limenifanya nisemwe sana. Ni kweli kwamba fungu lote la mwaka lilinunua polikaprolaktoni (plastiki inayovunjika mwilini) iliyochanganywa na trikalsiamu fosfeti (madini yanayofanana na ya mfupa), na jelatini inayogandishwa kwa mwanga (haidrojeli, yaani ute wenye maji mengi), waliyoiomba wenzetu wanaoshughulikia tishu laini, haikununuliwa. Inasemwa niliamua peke yangu. Kamati iliitwa mara mbili. Nilifika mimi na katibu.

Sababu nilizieleza wakati ule na ninazirudia. Polikaprolaktoni huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 hivi, kwa hiyo printa yetu inaimudu bila taabu. Mwilini huvunjika polepole, miaka miwili na zaidi, mfupa ukapata muda wa kujaza nafasi. Asidi ya polilaktiki, plastiki nyingine ya aina hiyo, ikivunjika hutoa asidi ya laktiki, ambayo ikirundikana huwasha tishu. Fosfeti niliisisitiza mimi, kwa kuwa polikaprolaktoni peke yake haipendi maji na seli haziishiki vizuri. Tena trikalsiamu fosfeti huyeyuka upesi kuliko haidroksiapatiti, madini mengine ya aina hiyo, ikaachia kalsiamu na fosfeti palepale mfupa unapojengwa.

Sibishi kwamba seli hustawi ndani ya haidrojeli, na kwamba huwezi kuzichanganya katika plastiki iliyoyeyuka zikabaki hai. Lakini haidrojeli tupu haibebi uzito. Ugumu wake kwa kawaida hupimwa kwa kilopaskali. Wa mfupa mgumu, kwa gigapaskali, ambayo moja ni kilopaskali milioni. (Polikaprolaktoni nayo, nikiri, haifiki gigapaskali moja. Ila iko karibu zaidi.)

Kuhusu viunzi vilivyoharibika, lawama ziiache malighafi. Mwanachama mmoja, simtaji, aliviingiza kwenye mashine ya kutakasa kwa mvuke, nyuzi 121. Vilitoka bonge moja, na bonge hilo likaletwa mezani kwangu kama ushahidi! Tangazo la kukataza jambo hilo nililibandika kwa mkono wangu: viunzi hivi hutakaswa kwa gesi ya ethilini oksidi au mionzi ya gama. Vilivyofuata, nilivyovisimamia mwenyewe hadi usiku, vilitoka na matundu ya mikromita 300 hadi 500 (milimita 0.3 hadi 0.5), wazi na yaliyoungana, kama inavyotakiwa ili mishipa midogo ya damu ipite. Walioniita mkaidi juu ya vipimo hivyo wanakaribishwa kuvitazama kwa hadubini.

Ada sasa. Wanaodai jelatini kwa sauti kubwa, wengi wao hawamo kwenye orodha ya wale 31. Sisemi zaidi.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kujaribu mifupa na tishu laini kwa pamoja: kiunzi kigumu, na haidrojeli yenye seli ikijazwa ndani. Hilo litategemea mfuko. Mweka hazina atakuwa mlangoni na kitabu cha risiti hadi kikao kifungwe.