Barua ya wazi kwa mbunge wetu wa vijijini: acha kuuliza "ni lini"

Mheshimiwa Mbunge,

Salaam kutoka jimboni. Tunaokuandikia ni wenyeviti wa vijiji, wajumbe wa kamati za maji na watendaji wastaafu wa kata. Kazi yetu kwa miaka imekuwa kuandika mihtasari, kupeleka maombi halmashauri, na kusikiliza majibu ya Serikali kutoka Dodoma neno kwa neno. Tunaandika hadharani kwa sababu haya hayakuhusu wewe peke yako. Mbunge yeyote wa jimbo lisilo na lami atayakuta.

Ombi letu kubwa ni moja: acha kuuliza "ni lini".

Swali la jimbo la vijijini limezoeleka kukaa hivi: "Je, ni lini Serikali itawapatia maji wananchi wa Kijiji cha fulani?" Na jibu lake tunalijua kabla Naibu Waziri hajasimama. Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea, au Serikali itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana. Swali la namna hiyo halimbani mtu kutaja kiasi cha fedha, hatua ya kazi wala sababu ya kuchelewa. Kwenye kumbukumbu za Bunge linahesabika kuwa limejibiwa, na kijiji kinabaki pale pale. Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba inakupa haki ya kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Tunakuomba uitumie haki hiyo kuuliza kitu kinachopimika.

Tuanze na maji, maana ndiyo kero inayoongoza kila mkutano wa hadhara. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kilula kimoja (kituo cha umma cha kuchotea maji) kwa watu 250. Chukua kijiji chenye watu 3,000. Kinahitaji lita 75,000 kwa siku na vilula 12. Sasa tuseme kisima kimechimbwa na pampu inavuta lita 5,000 kwa saa. Ili zifike 75,000, pampu ifanye kazi saa 15. Pampu hiyo ikiwa ni ya sola tupu, jua la nguvu hupatikana kama saa sita, kwa hiyo inatoa lita 30,000. Gawanya kwa watu 3,000: ni lita 10, nusu ndoo kwa mtu. Tanki la lita 50,000 limesimama pale juu ya kilima na halijai hata siku moja. Mradi umeandikwa "umekamilika", kijiji kimehesabiwa kuwa na maji safi, na akina mama wamepanga ndoo kwenye kilula tangu saa kumi alfajiri.

Ukisimama ukauliza "ni lini kijiji hiki kitapata maji", utaambiwa kimeshapata. Uliza hivi: "Je, kisima cha Kijiji cha fulani kina uwezo wa lita ngapi kwa saa, pampu iliyofungwa inatoa lita ngapi kwa siku, na kiasi hicho kinatosha watu wangapi kwa kipimo cha Sera ya Maji?" Hapo wizara italazimika kuwapigia wahandisi wa wilaya kabla ya kuandika jibu, na simu hiyo peke yake huamsha mambo. Maswali yako mawili ya nyongeza yaandae mapema, usiyatunge ukiwa umesimama. La kwanza: uwezo wa kisima ulipimwa mwezi gani? Kisima kifupi kikipimwa masika, mwezi Aprili, hutoa namba nzuri ambayo Oktoba haipo. La pili: kuunganisha pampu na umeme wa gridi ili ifanye kazi na usiku kutagharimu kiasi gani, na fedha hizo zimo katika bajeti ya mwaka upi?

Mabomba yakikauka, usikimbilie kudhani chanzo kimekufa. Sababu nyingine ni za chini zaidi: umeme hafifu umeunguza mota, chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii hakina akiba ya kununua nyingine, au hakuna dira za maji kwenye vilula kwa hiyo hakuna ajuaye nani amelipa nini. Kila sababu ina dawa yake. Ukipeleka bungeni neno "maji hakuna" bila sababu, utaletewa dawa ya ugonjwa mwingine, mara nyingi kisima kipya pembeni ya kisima kizima.

Jambo la pili ni kalenda, na hapa ndipo tunapopoteza mengi. Mchango mkali wa mwezi Mei kwenye bajeti ya Wizara ya Maji, Fungu 49, unasikika vizuri redioni, lakini wakati huo vitabu vya makadirio vimeshachapwa. Kama mradi wetu haumo kwenye Kitabu cha Nne, chenye fedha za maendeleo, hauwezi kuingia kwa hotuba. Isitoshe, Ibara ya 99 ya Katiba haikuruhusu wewe kama mbunge kupendekeza matumizi mapya kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Pendekezo hilo ni la Serikali. Kwa hiyo mlango ni wa mapema. Mwezi Novemba, Bunge linapojadili mapendekezo ya mpango wa maendeleo na mwongozo wa bajeti, ndipo utaje vipaumbele vya jimbo. Wakati huo huo mpango wa kijiji uwe umepita mkutano mkuu wa kijiji, ukaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani, ambako wewe ni mjumbe. Tafadhali hudhuria baraza linalopitisha bajeti. Kiti chako kikiwa wazi siku hiyo, mstari wetu hufutwa bila mtu wa kuuliza. Baada ya hapo kamati za kisekta hupitia makadirio kabla ya mkutano wa Aprili, na mbunge mwenzako aliye kwenye Kamati ya Maji anaweza kukusaidia kuliko makofi ya ukumbi mzima.

Jambo jingine ni kubisha mlango sahihi. Zahanati na shule za msingi tunazodai ujenzi wake ziko chini ya halmashauri, hivyo swali liende TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, si Wizara ya Afya wala Elimu. Lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, ambayo wakulima wa viazi na vitunguu wanailalamikia kila msimu, ni suala la vipimo, na Wakala wa Vipimo uko Wizara ya Viwanda na Biashara. Ukimwuliza Waziri wa Kilimo atakupa pole tu. Barabara kuu na za mkoa ni za Wakala wa Barabara (TANROADS), Wizara ya Ujenzi. Za wilaya ni za Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), TAMISEMI. Na ukitaka barabara ipandishwe hadhi kutoka TARURA kwenda TANROADS, usianzie bungeni. Jibu litakuwa kwamba ombi lipitie Bodi ya Barabara ya Mkoa, nawe una nafasi kwenye bodi hiyo. Njoo bungeni ukiwa na muhtasari wa bodi mkononi, uulize tu ombi limekwama kwenye meza gani.

Kwa barabara, tunakuomba uijue hesabu ya kifusi. Kilomita moja yenye upana wa mita 5.5 na changarawe ya unene wa sentimita 15 inameza mita za ujazo 825 zilizokwisha kushindiliwa. Lori la mita 10 za ujazo litakwenda safari zaidi ya 80, bila kuhesabu kupungua kwa kifusi kinaposhindiliwa. Mkataba ukisema kilomita tatu na vijana wa pale barabarani wamehesabu malori 90, kuna swali la kuuliza, na ni swali ambalo hakuna awezaye kulijibu kwa "fedha zikipatikana". Lakini pia usidai kilomita zote zilimwe greda. Kinachokata mawasiliano kwetu kila masika ni sehemu korofi chache: bonde la mita 200 la udongo mweusi, na kalavati la sentimita 60 lililojaa mchanga. Kalavati la sentimita 90 mtu anaingia na koleo akalizibua. La 60 haliingiliki, likiziba limeziba, na maji yanapita juu ya barabara mpaka yaikate. Dai makalavati na mitaro kwanza. Changarawe iliyomwagwa bila mtaro huondoka na mvua za msimu mmoja.

Umeme tunaupita haraka: ukiambiwa kijiji "kimefikiwa", uliza vitongoji vingapi vina nguzo, na laini ni ya njia moja au tatu. Mashine kubwa ya kusaga inahitaji njia tatu.

Maboma, yaani majengo ambayo hayajapauliwa, yanatuuma zaidi. Wananchi wamechanga matofali, mchanga na nguvu zao mpaka kwenye lenta, kama walivyoelekezwa, wakisubiri Serikali ipaue. Majibu ya Serikali yamekuwa yakitaja shilingi milioni 50 kukamilisha boma la zahanati na milioni 12.5 kwa boma la darasa. Ukuta usio na paa hunyeshewa, maji hushuka katikati ya matofali, plasta ya msingi inabanduka, na baada ya masika mitatu mhandisi anakuja kusema boma halifai. Hiyo ni jasho la watu linaloyeyuka. Kwa hiyo ukisimama, usiseme "tuna maboma mengi". Soma orodha: jina la kijiji, mwaka boma lilipofika lenta, hali ya ukuta, umbali wa zahanati iliyo karibu. Orodha ya namna hiyo iwekwe mezani kwa Waziri siku hiyo hiyo, maana dakika zako hazitatosha kuisoma yote.

Na kuhusu dakika. Katika mjadala wa bajeti unapata kumi, mara nyingine tano. Shukrani na pongezi zikichukua tatu, na mwenzako akisimama kukukatiza kwa "taarifa", kengele inalia hujafika kijiji cha pili. Tunakuomba useme kero katika dakika ya kwanza. Pia usianze kwa "naunga mkono hoja". Neno hilo ndilo uzito wako. Ukilitoa mwanzoni, Waziri hana tena sababu ya kukusikiliza. Liweke mwisho, baada ya kusema unasubiri ufafanuzi upi.

Ufafanuzi usipokuja, ipo Kamati ya Matumizi, ambamo Bunge zima hupitisha bajeti kifungu kwa kifungu. Kifungu cha mshahara wa Waziri kinapotajwa, unaweza kushika shilingi, yaani kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo mpaka upate maelezo. Tunajua si rahisi, na kwamba muda ukibana mafungu hupitishwa kwa jumla. Ndiyo maana shilingi ishikwe kwa jambo moja, la sera, linalogusa majimbo mengi, na uwe umezungumza na wenzako usiku uliotangulia ili wasimame nawe. Pampu za sola zisizotosha siyo shida yetu peke yetu, na wabunge wa mikoa mingine yenye ukame wataitambua mara moja.

Usiogope kwamba ushahidi wa kijijini ni mdogo. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Tokomeza ya kupambana na ujangili, wabunge wa maeneo ya wafugaji na ya kando ya hifadhi walisimama na malalamiko ya watu kuteswa na mifugo kuuawa. Operesheni ikasitishwa. Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya James Lembeli, ikaenda kuwasikiliza wananchi, na taarifa yake iliposomwa bungeni Desemba mwaka huo mawaziri wanne waliondoka madarakani. Kilichobeba hoja ile ni maelezo ya watu wenyewe, yamekusanywa na kupangwa. Kanuni za Bunge zinaweza kukudai uthibitishe unachosema au ufute kauli, kwa hiyo sisi tutakupa vya kuthibitisha.

Upande wetu tumeanza hivi. Kila kijiji kinaandaa karatasi moja tu kwa kila kero: jina la mradi, chanzo cha fedha, tarehe ya mkataba kama inajulikana, kilichofanyika, kilichokwama na sababu, picha mbili zenye tarehe, na nakala ya muhtasari wenye sahihi na mhuri. Nakala moja inabaki kwa mtendaji wa kijiji, moja kwa mtendaji wa kata, ya tatu ni yako. Tunaomba katibu wako wa jimbo azipokee kabla ya mwisho wa Septemba, ili maswali ya msingi yawahi ofisi ya Bunge na mpango uwahi Novemba.

Na baada ya kila mkutano wa Bunge, tunaomba utuletee majibu yalivyoandikwa kwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge), si kwa kuyasimulia jukwaani. Yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, yakiwa na tarehe. Pale Serikali iliposema "katika mwaka huu wa fedha", sisi tutahesabu kuanzia tarehe 1 Julai, na ikifika Machi bila fundi kuonekana tutakuandikia tena, tukinukuu jibu hilo hilo, ili nawe ulisome mbele ya Waziri aliyelitoa.

Wako katika ujenzi wa jimbo,
Wenyeviti wa vijiji, wajumbe wa kamati za maji na watendaji wastaafu wa kata