Kwa Mama Aline, Uvira

Bukavu, Jumapili jioni

Mama Aline wangu,

Jambo sana. Hapa Kadutu mvua na tope tu, watoto wazima. Mama Zawadi ndiye kaniambia: kumbe umejifungua na hukusema! Na anasema tayari unataka nikununulie shanga za kuhesabu siku kama zangu, zile za kupanga uzazi. Ngoja kwanza.

Shanga haziruhusiwi mtoto akiwa mchanga. Muuguzi wetu ni mkali kwa hilo: siku zako zirudi angalau mara tatu, zizoee, mzunguko uwe kati ya siku 26 na 32. Kwa sasa, kama mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya usiku na mchana bila maji wala uji, nawe hujaona damu, hayo yanakukinga na mimba. Moja likikosekana, nenda kituo cha afya, usinisubiri.

Tena kuna Baba Aline. Shanga nyeupe ni 12, siku ya 8 mpaka ya 19 toka damu ianze, ndizo za kushika mimba: kila mtu alale upande wake. Yeye yuko Kamituga, anarudi barabara ikikubali, si shanga zikikubali! Wangu yuko hapa hapa na bado ni kazi. Umeme ukikatika zile nyeupe zinang'aa gizani. Anazitazama, anaguna, anageukia ukutani. Juzi Espoir kachezea ile pete ya mpira inayoonyesha tumefika siku gani, akaisukuma mbele shanga sijui ngapi. Bahati nilikuwa nimezungushia tarehe kwenye kalenda ya parokia. Na mama mkwe anauliza mbona tumbo kimya. Aa, tuache.

Sisemi ni mbaya. Hakuna dawa ya kumeza, na padri hagombi. Ila hata wanaohesabu vizuri kabisa, katika wanawake 100 kwa mwaka, 5 hivi wanapata mimba. Kwa hesabu za kawaida za nyumbani, kama 12. Sasa mwanaume wa miezi miwili machimboni, afike usiku, akute nyeupe... Unamjua kuliko mimi. Kama kondomu haitaki, kipandikizi cha mkononi hakijali amefika lini.

Umeshamwambia lakini? Alisema nini, au alicheka tu? Mtoto anaitwa nani, ni msichana tena? Anashika ziwa vizuri? Mama amekuja kukusaidia? Nikutumie sambaza kavu kwa dereva wa Mama Zawadi? Shanga ninunue au niache? Na faranga zangu za kile kitenge, lini?

Wako,
Mama Espoir