Pima vizingiti kwanza: barua ya roboti ya deki kutoka Maskati

Maskati, Jumapili jioni

Dada, shikamoo. Mfikishie mama shikamoo yangu, na shemeji na watoto wote wasalimie. Huku hatujambo, alhamdulillahi, joto tu ndilo linalotutesa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unataka roboti ya kupiga deki, na umenitumia picha ya ile nyeupe yenye kituo kirefu kama kabati, kinachoosha matambara chenyewe. Kabla sijashuka Ruwi, kule kwenye maduka ya hapa Maskati, kununua, acha nikueleze mambo yalivyo, maana mashine hizi hununuliwa kwa sifa na hukwama kwenye vizingiti.

Roboti ya deki ni tambara lenye magurudumu. Kazi yake ni kupitisha kitambaa chenye unyevu juu ya sakafu iliyokwisha kufagiwa. Vumbi la kila siku, alama za nyayo, tone la chai lililodondoka asubuhi, hayo inayamudu. Uji uliokaukia chini ya kiti cha mtoto, mafuta ya kukaangia yaliyorukia mbele ya jiko, weusi uliojikita kwenye mistari ya vigae, hayo yanabaki kuwa ya brashi na magoti. Tambara likiwa safi, hata mashine ya bei ndogo inang'arisha. Likiwa chafu, ile ya bei ya pikipiki nayo inapaka tope nyumba nzima.

Aina ziko nne. Ya kwanza inakokota tambara nyuma yake bila kusugua. Haina cha kuharibika, na kwa vumbi jepesi inatosha. Ya pili inalitikisa tambara: Roborock S7 ya 2021 ililitikisa hadi mara 3,000 kwa dakika, na doa la jana linatoka. Ya tatu ina matambara mawili ya duara yanayozunguka huku yakikandamiza sakafu. Ya nne ina rola inayonyunyiziwa maji safi na kukamuliwa humo humo inapotembea. Hiyo inafuta vizuri sana, ila ina vijia vya maji na vikwangulio vinavyotaka kusafishwa kwa mkono, na ukivisahau vinanuka.

Kwa usuguaji ningekuchagulia ya duara. Tatizo ni kwamba karibu zote huuzwa pamoja na kituo cha kuoshea, na kituo ndicho ninachokiogopa kwa nyumba ya Tanga. Kina tangi la maji safi la lita 4 hivi na la maji machafu linalokaribiana nalo. Kinapasha maji ya kuoshea matambara, kisha kinayakausha matambara hayo kwa hewa ya moto kwa saa mbili hadi nne. Kikipasha maji kinaweza kuvuta wati 1,000 au zaidi, na hiyo si kazi ya inveta yenu ndogo. Umeme ukikatika katikati ya kuosha, matambara yanabaki yamelowa humo ndani. Na yale maji machafu, kwa joto la pwani, yakilala usiku mmoja kila mtu sebuleni atajua.

Kwa hiyo nakushauri ya aina ya pili: inafagia, inatikisa tambara, inajichaji kwenye kituo kidogo kisicho na maji. Tambara utaliosha wewe kwa mkono, dakika mbili, kwenye karai. Ukinunua matambara sita mwanzoni, moja likiwa kwenye mashine mengine yako kwenye kamba, unapata usafi uleule bila lile kabati.

Usihangaishwe na paskali, yaani kipimo cha nguvu ya kuvuta vumbi. Maboksi ya dukani yanaandika 5,000, 10,000, hata 20,000. Namba kubwa husaidia kwenye zulia nene. Juu ya vigae 2,500 zinanyanyua mchanga vizuri, na mchanga ndio adui wenu. Cha kutazama ni uelekezaji. Chukua yenye leza, ile yenye kinundu kinachozunguka juu. Inachora ramani ya nyumba hata gizani, na inapita kwa mistari iliyonyooka. Zile za bei ya chini kabisa hugongagonga ukuta na kugeuka, zikiacha vipande bila kupita. Kinundu hicho lakini kinaongeza kimo: mashine inafikia sentimita 9.5 hadi 10.5, hivyo chini ya kochi pawe na sentimita 11 ndipo iingie. Nafasi ikilingana na mashine sawasawa, inaingia na kung'ang'ania humo hadi betri iishe.

Vizingiti sasa. Roboti nyingi hupanda sentimita 2. Za karibuni zenye miguu ya kujiinua hupanda 4 na zaidi, lakini bei nayo inapanda. Nakumbuka mlango wa jikoni una kizingiti cha saruji, na wa chumba cha mama una cha mbao. Kikizidi 2, mwite fundi seremala akate kabari ya mbao kila upande, urefu wake mara nne ya kimo: kizingiti cha sentimita 3, kabari ya 12. Aipigilie au aigandishe kwa silikoni isicheze, mama asije akajikwaa.

Usinunue mtandaoni ile ya soko la China kwa sababu tu ni rahisi. Sauti yake ni ya Kichina, na mara nyingi inakataa kuungana na akaunti ya nchi nyingine. Wala usipokee ya Marekani kutoka kwa yeyote: chaja ndogo inaweza kuwa ya volti 100 hadi 240, lakini vituo vyenye hita na mota vya huko ni vya volti 120, ukichomeka nyumbani vinaungua. Za hapa Maskati ni za volti 240 na plagi ya miguu mitatu bapa, kama zenu. Chaja yenyewe ichomeke kwenye ile gadi ya friji, kile kifaa cha kukinga umeme, kwa sababu kinachoua mashine ni umeme unaporudi kwa kishindo. Kuhusu LUKU usiwe na wasiwasi: betri ya miliampea-saa 5,200 kwa volti 14.4 ni wati-saa 75. Kuijaza kabisa, pamoja na kinachopotea njiani, ni kama sehemu moja ya kumi ya yuniti.

Ikifika, kituo kiwekwe ukutani, sakafuni pakavu, si juu ya zulia. Acha nusu mita kila upande na mita moja na nusu mbele. Chaji hadi ijae. Kisha ipitishe mara ya kwanza kavu, bila tambara, milango yote iwe wazi, viti vimepandishwa, ichore ramani. Kuiunganisha, simu iwe kwenye Wi-Fi ya gigahezi 2.4, kwa sababu nyingi hazioni ile ya 5. Kama mnatumia intaneti ya simu, simu moja irushe, nyingine ndiyo iwe na programu. Ramani ikishahifadhiwa, hata intaneti isipokuwepo ukibonyeza kitufe itafanya kazi.

Kwenye ramani chora mipaka. Misala na mkeka wa ukili wa mama ziwe ndani ya eneo lililokatazwa, maana mashine hutambua zulia nene lakini mkeka mwembamba inauona kama sakafu: itaulowesha, na ukingo utakunjwa. Zulia lenye nyuzi pembeni nalo lizungushie mpaka, au ukunje nyuzi chini. Ukumbi wa saruji nyekundu uliopakwa nta uache nje kabisa. Tambara litatoka huko jekundu na kupaka rangi vigae vyeupe. Waya za chaja zinyanyuliwe, na pazia linaloburuza lifungwe fundo. Paka na wale kuku wanaojisahau mlangoni wakaguliwe kabla ya kubonyeza kitufe. Mashine ikikanyaga kinyesi haijui, itakitembeza chumba hadi chumba kwa mistari iliyonyooka vizuri sana.

Ngazi za barazani zina ulinzi: chini ya mashine, karibu na ukingo wake, kuna vidirisha vinne au zaidi vyeusi vinavyorusha mwanga usioonekana na kusubiri urudi. Usiporudi, mashine inajua mbele kuna shimo. Vikiwa na vumbi vinakosea, kwa hiyo vifute kwa kitambaa kikavu kila wiki. Kigae cheusi au zulia jeusi hunyonya mwanga ule, mashine ikadhani ni ngazi na kukataa kupita. Ukiona inarudi nyuma kila ifikapo kwenye ua jeusi lililochorwa sakafuni sebuleni, haijaharibika. Na mlango wa baraza ufunge tu.

Kila siku, fagia kwanza. Programu ina chaguo la kufagia nyumba yote ndipo ideki, litumie. Ukiiacha ifanye yote mawili kwa mkupuo, mchanga wa miguu ya watoto unalowa, unaganda kwenye tambara, na vigae vinapata michubuko. Ikimaliza kufagia, mwaga pipa. Halafu lowesha tambara kwa mkono, likamue hadi lisidondoshe tone, ndipo ulibandike. Likibandikwa kavu, dakika za mwanzo linafuta kavu. Tangi la mililita 300 kwa kiwango cha kati linatosha sebule na ukumbi. Badilisha tambara kila chumba, au kila mita 15 za mraba hivi. Chumba cha mwisho kiwe jikoni. Usirudi na tambara la jikoni popote.

Sabuni ndiyo inayoharibu zaidi ya yote. Kwa tangi hilo, robo ya kijiko cha chai cha sabuni ya maji isiyo na povu jingi. Ya unga kamwe, chembe zake zinaziba njia. Jiki inakula mipira na pampu. Siki na ndimu vinachubua terazo, kwa sababu ndani yake kuna saruji na chokaa. Sakafu ikinata miguuni, sabuni imezidi: pitisha maji matupu mara mbili. Ikibaki na madoadoa meupe baada ya kukauka, hayo ni maji ya kisima. Ikibaki na michirizi ya kijivu, tambara ni chafu. Mistari myeusi myembamba yenye kunyooka ina sababu yake: gurudumu dogo la mbele limeshikwa na nywele, halizunguki, linaburuzwa. Lichomoe kwa kulivuta, kata nywele kwenye mhimili kwa wembe, lirudishe hadi lilie “tak”. Na ile brashi ya pembeni ikaguliwe hivyo hivyo, hasa siku watoto wakisukwa.

Maji ya kisima cha pwani yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa. Kwenye mashine chokaa hukaa penye tundu jembamba kuliko yote, yaani pale maji yanapotokea. Tumia maji ya mvua mliyokinga, au ya bomba. Ukiona baada ya dakika tano tambara linakauka na tangi halipungui, angalia kwanza kitundu cha hewa kwenye kifuniko, kikiziba maji hayashuki. Kama kiko wazi, weka ndani ya tangi kijiko kimoja cha chai cha asidi ya sitriki kwa mililita 250 za maji ya uvuguvugu, acha nusu saa, mwaga, suuza mara tatu ndipo uirudishe kazini.

Kazi ikiisha, tambara livuliwe. Hiyo nakusisitizia, dada. Likiachwa limebandikwa chini ya mashine kwa unyevu wa huko, kesho linanuka na keshokutwa lina ukungu. Lioshe bila dawa ya kulainisha nguo, inalifanya lisinyonye maji, ulianike juani. Tangi limwagwe, maji yasilale humo. Kichujio kama kimeandikwa kinaoshwa, kioshe kwa maji matupu na ukiache saa 24 kikauke. Kikirudishwa kibichi, uvutaji unakufa na harufu inaanza. Matambara yatachakaa kwa miezi miwili au mitatu, kichujio na brashi ya pembeni miezi mitatu hadi sita. Waranti ya hapa haivuki bahari, kwa hiyo nitaongeza kwenye mzigo vichujio viwili, brashi mbili za pembeni na moja ya katikati.

Mjomba ndiye atakayeibeba, mkononi. Betri ya wati-saa 75 iko chini ya 100, inaruhusiwa kupanda ndege bila kibali maalumu, mradi mashine imezimwa kabisa. Asithubutu kuweka betri ya akiba kwenye begi la chini.

Sasa nitumie haya: kimo cha kila kizingiti kwa rula, kimo cha nafasi chini ya makochi na vitanda, picha ya sakafu ya kila chumba mchana, na jina la intaneti mnayotumia. Pia chemsha sufuria moja ya maji ya kisima hadi yabaki kidogo, uangalie ukoko mweupe pembeni, unipigie picha. Mjomba anaondoka Alhamisi ya wiki ijayo. Vipimo vikinifikia Jumatatu, Jumanne niko Ruwi.

Mdogo wako