Mwenye ploti asiyekuja kukagua lenta

Mhariri,

Mikataba ya ujenzi hapa Kisumu, kuanzia Mamboleo hadi Riat, mara nyingi huwa na sentensi hii: "Fundi atalipwa awamu ya tatu baada ya mwenye ploti kukagua lenta," yaani boriti ya zege juu ya milango na madirisha. Hayo "baada ya" yana uzito. Yanafanya ukaguzi kuwa sharti. Usipofanyika, deni halijaiva. Basi mwenye ploti huzima simu, fundi akaambiwa angoje, na siku 90 za mkataba zikipita anakatwa faini ya kuchelewa.

Sheria haikubali mchezo huo. Aliyezuia sharti lisitimie hawezi kujikinga nalo. Kanuni hii ni ya Uingereza, nasi tumeipokea kupitia Sheria ya Mikataba, Sura ya 23. Katika kesi ya Holme v Guppy, 1838, maseremala walicheleweshwa na mteja kukabidhiwa mahali pa kazi kwa wiki 4, na mahakama ikakataa wakatwe faini.

Lakini mafundi nao wasiifanye mwavuli wa kila mvua. Lori la kokoto likikwama topeni wakati wa masika, hilo si kosa la mwenye ploti. Lenta iliyopinda ingekataliwa hata angefika alfajiri. Fundi aonyeshe kwamba kazi ilikuwa tayari, kilichokosekana ni mkaguzi tu. Maneno ya simu hayaachi alama. Atume ujumbe wenye tarehe: "Lenta imekamilika, njoo ukague kabla ya tarehe 12," pamoja na picha. Na daftari la saruji liandikwe kila siku: mifuko 40 ambayo mwenye ploti aliahidi kuleta Jumatatu imeingia Ijumaa, mafundi wamekaa siku 4.

Wenye ploti wanaopenda mikataba mikali ndio hujikata wenyewe. Mkataba wenye siku 90 na faini, bila kipengele cha kuongeza muda, ni kisu butu: wakisimamisha kazi kwa kuchelewesha saruji, ile tarehe huanguka na faini nayo, na fundi hubaki na muda wa kadiri tu, yaani ule unaofaa kwa kazi yenyewe. Wangeandika kwamba siku zilizopotea kwa sababu yao zitaongezwa kwenye zile 90, faini ingesalia. Ukaguzi nao uwekewe kikomo: asipofika siku 5 baada ya kuarifiwa, lenta ihesabiwe imekubaliwa.

Mazungumzo yakishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya mikataba yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili.

Mwanakandarasi,
Kisumu